Kreni Ilianza Kuanguka Kabla Haijafika Saiti

Baada ya ajali yetu, kila mtu alikuwa na swali lile lile: opereta alibonyeza nini? Waliuliza wenye kiwanda, wakauliza wenye kreni, wakauliza hata watu waliokuwa wamekaa kantini wakati chuma kinalala chini. Hakuna aliyeuliza nani aliamua kreni isimame pale iliposimama, nani alitaja uzito wa tangi, wala nani alisema ardhi ile ni ngumu. Nawaandikia wanaofanya kazi karibu na ndoano: wafunga mizigo, watoa ishara, mafomeni, na yule injinia kijana anayekabidhiwa karatasi ya kunyanyua mzigo kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka.

Mimi nilikuwa mtoa ishara. Tulitakiwa kung'oa tangi la chuma la zamani kutoka kwenye msingi wake wa zege, kulizungusha na kulilaza juu ya trela. Tuliambiwa ni kazi ya asubuhi moja. Kreni ilikuwa ya magurudumu, ya aina wanayoiita "ya tani 50".

Niseme jambo hapa, maana huko ndiko wengi wanakopotelea. Kreni ya tani 50 hainyanyui tani 50 popote unapotaka. Namba ile ni ya mkono mfupi kabisa, mzigo ukiwa umeikaribia kreni, miguu yote ya kuiegemeza pembeni imenyooshwa na vizito vya nyuma vimekamilika. Kadiri mzigo unavyokwenda mbali ndivyo uwezo unavyoporomoka, na kwenye mita 20 huenda zikabaki tani chache tu. Anayebisha ashike ndoo ya maji karibu na kifua, kisha anyooshe mkono. Maji hayajaongezeka, ila bega litamjibu. Umbali huo mafundi tunauita rediasi, na haupimwi kutoka kwenye tairi wala kwenye kibanda. Unapimwa kutoka katikati ya mhimili ambao kreni inauzungukia hadi chini ya ndoano.

Karatasi yetu ilisema tangi lina tani 9 na rediasi ni mita 9. Ilikuwa karatasi nzuri, ina mihuri na saini. Uzito ulikuwa umenakiliwa kwenye bamba la mtengenezaji lililopigiliwa ubavuni mwa tangi. Bamba lilisema kweli, ila lilisema kweli ya siku tangi lilipotoka kiwandani likiwa jipya na tupu. Miaka iliyofuata walilichomelea ngazi, jukwaa la kusimamia na mabomba, na ndani mlikuwa na tope lililoganda kama saruji, ambalo hakuna aliyefungua mlango wa chini kulitazama. Baada ya ajali lilipopelekwa kwenye mizani ya malori, likakutwa na karibu tani 12.

Rediasi nayo ilikuwa na hadithi yake. Pale ambapo mchoro ulitaka kreni isimame palikuwa na rundo la mabomba ya mkandarasi mwingine. Kuyahamisha kungehitaji forklifti, na forklifti ilikuwa upande wa pili wa kiwanda. Fomeni akasema, "Rudini nyuma kidogo tu." Kidogo hiyo ilikuwa mita 4.

Sasa piga hesabu ambayo asubuhi ile haikupigwa. Tani 9 kwa mita 9 ni 81. Tani 12 kwa mita 13 ni 156. Tuliondoka kwenye mpango kwa karibu mara mbili, na hakuna aliyehisi kwamba amevunja sheria yoyote. Na hapo hujaweka ndoano yenyewe, minyororo na pete za kufungia, ambazo kwenye kreni ya ukubwa ule zinakaribia tani nzima. Jedwali la kreni, lile linaloonyesha uwezo wake kwa kila rediasi, huhesabu vyote vinavyoning'inia, sio tangi peke yake. Tulipokuja kuketi na wachunguzi na kujumlisha, tukakuta kikomo cha rediasi ile kilikuwa kimeshavukwa hata kama kreni ingekuwa imesimama juu ya mwamba.

Haikusimama juu ya mwamba. Opereta wetu, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla mimi sijajua kuandika jina langu, alishuka, akapigapiga changarawe kwa kisigino, akauliza, "Chini hapa pana nini?"

Fomeni akamjibu, "Mzee, hapa malori yanapita kila siku, tena yamejaa."

Jibu hilo nimelisikia saiti nyingi tangu wakati ule, na kila nikilisikia huacha ninachofanya nikamsogelea aliyelitoa. Lori lililojaa hugawa uzito wake kwa ekseli kadhaa, na ekseli moja hubeba kama tani 10, zikigawanywa tena kwa matairi yanayopita na kwenda zake. Kreni husimamia miguu minne. Mkono ukizungushwa ukaelekea juu ya mguu mmoja, mguu huo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa kreni na mzigo kwa pamoja. Chukulia ni tani 30. Sahani ya mguu yenye nusu mita kwa nusu mita ina robo ya mita ya mraba, kwa hiyo ardhi inasukumwa kwa tani 120 kwa kila mita ya mraba. Udongo laini wa mfinyanzi huenda usimudu hata tani 8. Weka chini ya sahani ile mkeka wa mbao nene wa mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, na shinikizo linashuka hadi tani 13 na kitu. Ni mguu ule ule na mzigo ule ule. Lakini mkeka uwe mnene na mgumu kweli, maana ubao unaopinda katikati haugawi uzito, unakudanganya tu. Sisi tuliweka vipande vya magogo vya upana wa sahani yenyewe, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa kwenye gari.

Nitasimulia kuanguka kwenyewe kwa ufupi. Tangi lilinyanyuka vizuri. Kwa upande ule kreni ilikuwa imara, mkono ukiwa kati ya miguu miwili. Nikaonyesha ishara ya kuzungusha, taratibu. Mkono ulipokaribia mguu wa nyuma wa kulia nikaona changarawe kuzunguka gogo zinajikunja, kama kuna kitu kinazivuta kwa chini, na ufa ukachora nusu duara. Nikatazama mguu wa upande wa pili: palikuwa na mwanga chini ya sahani, maana mguu umeshaachana na ardhi. Nikatoa ishara ya kusimama mara moja, mikono yote miwili. Mzee aliiona na akaanza kushusha mzigo, jambo ambalo ndilo alilopaswa kufanya, lakini kreni ilikuwa imeshainama. Kreni ikiinama, mzigo hutoka nje zaidi; rediasi huongezeka bila mtu kugusa usukani, na kinachoiangusha kinazidi kupata nguvu. Kuanzia ule mwanga hadi mkono kugonga ukuta sidhani ilifika muda wa kuvuta pumzi mbili.

Hakuna aliyekufa. Mzee alivunjika mtulinga na mbavu. Alibaki ndani ya kibanda, na kibanda hakikupondeka. Dereva wa trela alikuwa ameamriwa kushuka na kusimama nje ya utepe, akawa ameshuka huku akinung'unika. Tangi lilitua juu ya kichwa cha gari lake.

Yaliyofuata hakuna aliyenionya. Kazi ilisimamishwa, na sisi tuliokuwa tukilipwa kwa siku tukakaa bila malipo huku tukiitwa kuhojiwa mara kwa mara. Leseni ya mzee ilizuiwa kabla hata ripoti haijaandikwa. Watu wa bima ya kreni walitaka kosa liwe la kiwanda, watu wa kiwanda walitaka liwe la opereta, na kila upande ulinijia kwa sauti ya upole kuliko mwingine. Usiku nilikuwa naota ule mwanga chini ya sahani. Kwa muda mrefu, injini ya dizeli ikinguruma kwa kuzidiwa mzigo, mabega yangu yalikuwa yanapanda yenyewe. Nilipomweleza daktari, hakushangaa hata kidogo, na nikajuta kuchelewa kwenda. Kama umewahi kuona kreni ikianguka, usijikaze. Nenda kaongee na mtu anayejua kazi hiyo.

Kuhusu mahojiano, haya nimeyalipia: sema ulichokiona na mahali ulipokuwa umesimama, basi. Ukiulizwa "unadhani opereta alikuwa na haraka?" jibu kwamba ulichokiona ni hiki na hiki. Omba nakala ya maelezo yako kabla ya kuondoka. Siku ile ile, kabla hujasikia simulizi za wengine, andika kila kitu kwenye daftari lako: saa, mpangilio wa watu, nani alisema nini. Na eneo lisiguswe isipokuwa kwa kuokoa mtu. Mtu mmoja mwenye nia njema alitaka kufagia changarawe zile ili gari la wagonjwa lipite, akaelekezwa njia nyingine. Changarawe zile ndizo zilizomwokoa mzee baadaye.

Wachunguzi walichimba pale mguu ulipozama. Juu palikuwa na changarawe zilizoshindiliwa vizuri, sentimita chache tu. Chini yake mchanga mlegevu, kifusi cha mtaro uliochimbwa zamani kupitisha bomba la maji machafu, ukafukiwa bila kushindiliwa. Bomba lenyewe lilikuwa limepasuka na kuulowesha mchanga. Mchoro wa mtaro ule ulikuwepo, umekunjwa kwenye kabati la idara ya matengenezo ya kiwanda kile kile, mwendo wa dakika chache kutoka tuliposimama. Mtu wa matengenezo alishangaa. Alisema angeulizwa, angeutoa.

Kwenye kibanda nako palikuwa na jambo. Kreni ile ilikuwa na kompyuta inayopima mzigo na rediasi, na hupiga kengele ukikaribia kikomo, kisha hukata mwendo ukikivuka. Ufunguo wa kuipita kompyuta ulikuwa umegeuzwa, na kitundu cha kengele kilikuwa kimezibwa kwa tepu nyeusi ya umeme. Waliposoma hilo mbele ya kikao, watu wakamgeukia mzee kama waliopata walichokuwa wakitafuta. Mzee akatoa kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameandika kwamba kihisi kimeharibika, kengele inalia hata mkono ukiwa mtupu, naomba fundi. Kila mara aliambiwa asubiri sevisi ijayo. Kengele inayolia ovyo mchana kutwa haimlindi mtu, inamfundisha kutosikia. Simtetei kwa tepu ile. Angepaswa kukataa kunyanyua. Lakini aliyempa kreni ile naye alijua anampa nini, na ripoti ilisema hivyo kwa maneno makali.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma ajali za watu wengine. Nilitegemea kukutana na madereva wazembe, nikakutana na yale yale yaliyotupata sisi.

Tarehe 27 Aprili 2019 huko Seattle, Marekani, kreni ya mnara, ile ndefu inayosimama wima kwenye ujenzi wa majengo marefu, iliyokuwa ikibomolewa ilianguka barabarani. Walikufa watu 4, wawili wakiwa ndani ya magari yao wanapita zao. Wachunguzi walikuta kwamba pini zinazounganisha vipande vya mnara zilikuwa zimetolewa mapema, karibu mnara mzima, badala ya kutolewa kipande kimoja kikiwa tayari kushushwa. Ilikuwa inaokoa muda. Ukaja upepo. Kitabu cha mtengenezaji kilikuwa kimeeleza mpangilio wa kutoa pini, na kreni ilisimama salama kipindi chote cha ujenzi hadi siku ya kuondoka kwake.

New York, tarehe 15 Machi 2008, kreni ya mnara ilikuwa ikirefushwa. Kola nzito ya chuma, ya tani 5 hivi, ambayo hufunga mnara kwenye jengo, ilikuwa imening'inizwa kwa mikanda ya polyester, mmoja wao umechakaa. Mikanda ikakatika, kola ikateleza chini ikagonga kola nyingine, mnara ukabaki bila wa kuushika. Watu 7 wakafa. Mkanda ni kitu ambacho unaweza kukikunja ukakiweka mfukoni mwa koti.

Ukisoma nyingi utaona kwamba kreni ya mnara huwa katika hatari kubwa inapojengwa, inaporefushwa na inapobomolewa, wakati ambapo wenye saiti wameshaacha kuitazama. Mimi siku hizi nikisikia "kesho tunabomoa tu kreni", huuliza kama hicho kitabu kipo saiti, kwa lugha ambayo wafungaji wanaisoma, na nani amepewa kazi ya kusimama na kukitazama huku wengine wakipanda.

Upepo ndio somo lililonichukua muda mrefu kulielewa, kwa sababu hesabu yake inakwenda kinyume na hisia. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Ukuta wa bati wenye mita za mraba 30 ukipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 200. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, ni kama kilo 800. Na nguvu hiyo huja kwa ubavu, upande ambao mkono wa kreni ni dhaifu zaidi, maana umeundwa kubeba kwenda chini, haukuundwa kusukumwa pembeni. Kwa sababu hiyo hiyo mzigo hauburuzwi kwa kreni hata kidogo. Tarehe 14 Julai 1999 mjini Milwaukee, kreni kubwa ilikuwa inanyanyua kipande cha paa la uwanja wa besiboli chenye tani zaidi ya 400. Upepo ulikuwa umehesabiwa dhidi ya kreni, haukuhesabiwa dhidi ya kipande cha paa chenyewe, na paa ni tanga. Mafundi chuma 3 walikufa. Kwa hiyo namba ya upepo iliyoandikwa kwenye kibanda isikutoshe. Uliza mzigo wako una eneo gani, kisha ushushe kikomo. Kipima upepo nacho kiwe kwenye ncha ya mkono, kwa sababu upepo wa chini, pale unapoegemea gari ukinywa maji, si upepo wa juu.

Kreni isiyofanya kazi nayo huanguka. Makka, tarehe 11 Septemba 2015, kreni kubwa inayotembea kwa minyororo kama buldoza ilipinduka kwenye dhoruba ikaangukia Msikiti Mtakatifu, zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Haikuwa ikinyanyua chochote. Mkono wake ulikuwa umeachwa umesimama, wakati maelekezo ya mtengenezaji yanataka ulazwe kukiwa na upepo mkali. Kwa kreni ya mnara mambo ni tofauti kidogo: jioni breki ya kuzunguka inafunguliwa ili mkono ugeuke wenyewe kufuata upepo. Nimeona watu wakiufunga kwa kamba "usizungukezunguke", wakidhani wanaulinda. Wengine hutundika bango kubwa la kampuni kwenye mkono, na bango hilo hakuna aliyelihesabu.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu yanajulikana, ingawa kujulikana hakujayazuia. Waya wa kunyanyulia hutupwa ukihesabu nyuzi 6 zilizokatika kwenye urefu wa msokoto mmoja, yaani pale fungu moja la nyuzi linapomaliza kuuzunguka waya mara moja, au 3 kwenye fungu moja ndani ya urefu huo, na huo ndio mpaka unaotumika Marekani. Ukipungua unene kwa zaidi ya asilimia 5, hali kadhalika. Boliti na viungo vya chuma huchoka hata kama mzigo haujazidi kamwe: kreni ya Battersea, London, iliyoanguka Septemba 2006 na kuua watu 2, boliti zake za duara la kuzungukia zilikatika kwa uchovu wa chuma. Ukikuta boliti imekatika, kuiweka nyingine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kwa nini imekatika. Na pembe ya minyororo: minyororo miwili ikiwa imelala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unabeba uzito wote wa mzigo, sio nusu. Tumia mirefu zaidi, au boriti ya kutanulia.

Kuna imani moja ya wazee wa kazi hii ambayo inanipa shida, kwa kuwa waliyonayo ni watu ninaowaheshimu. Husema, "Mimi kreni naisikia kwenye kiti. Ikianza kunyanyuka nyuma, naijua." Ni kweli kwa sehemu ya jedwali. Mzigo ukiwa mbali, kreni hushindwa kwa kupinduka, na huenda ukaihisi. Lakini mzigo ukiwa karibu, mkono nao ukiwa umesimama, kinachofikia kikomo kwanza ni chuma chenyewe: mkono, pini, waya. Hapo kiti hakisemi kitu. Kreni imetulia kabisa hadi inapokatika. Majedwali mengi hutenganisha sehemu hizo mbili kwa mstari mnene au rangi. Muulize opereta akuonyeshe mstari uko wapi, na ukimuuliza kwa adabu hatachukia.

Siku hizi mimi ndiye ninayeandika zile karatasi. Nilisoma, nikafanya mitihani, nikapewa cheo cha msimamizi wa unyanyuaji. Karatasi zangu ni fupi kuliko ile ya kwanza na zimechafuka zaidi, kwa sababu nazitembeza. Naanza na watu wa matengenezo, kabla ya kreni kuagizwa: nini kimepita chini hapa, mtaro, tangi, bomba, handaki? Pembeni ya shimo lililo wazi, sahani ya mguu inakaa mbali angalau kwa kiasi cha kina cha shimo, na udongo ukiwa laini au wa maji naongeza mara mbili au namwita mtu wa udongo. Uzito nauhesabu mwenyewe hata kama bamba lipo. Chuma ni kama tani 7.85 kwa mita ya ujazo, zege tani 2.4 au 2.5, maji tani 1. Mlango wa chini wa tangi unafunguliwa na mtu anaingiza tochi. Kreni ikipiga miguu yote hadi mwisho, natazama kipimo cha usawa, kwa sababu jedwali limeandikwa kwa kreni iliyosimama sawa, na mwinamo wa nyuzi chache unaweza kukata sehemu kubwa ya uwezo, hasa mkono mrefu ukiwa umesimama.

Kisha mzigo unanyanyuliwa kidogo tu, upana wa vidole, na tunasubiri. Watu hawapendi kusubiri huku. Mimi nazunguka miguu yote minne, nainama, natazama kingo za mikeka. Opereta anasoma uzito kwenye kompyuta na kuutaja kwa redio, nami naulinganisha na ulio kwenye karatasi. Ukizidi, mzigo unarudi chini na hatuanzi mjadala ukiwa hewani. Kreni ikihamishwa hata mita moja kutoka kwenye mchoro, karatasi imekufa, tunaandika nyingine. Na ishara ya kusimama inatolewa na yeyote, hata dereva wa trela, na opereta anaitii kwanza, maswali baadaye.

Lakini yote haya yanavunjwa na jambo moja ambalo halimo kwenye jedwali lolote, nalo ni saa. Kreni hukodiwa kwa saa au kwa siku, na inalipiwa ikiwa imesimama sawa na ikiwa inanyanyua. Fomeni wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashine inayomtafuna pesa na forklifti iliyo mbali. Waliotoa pini mapema Seattle nao walikuwa wanaokoa muda. Ukimwambia mtu awe makini huku kila dakika ya umakini inamgharimu yeye peke yake, unajua atachagua nini.

Kwa hiyo jambo ninaloligombania zaidi sasa liko kwenye mkataba. Nataka iandikwe kabla ya kazi nani analipa kreni ikisimama kwa upepo, kwa ardhi au kwa uzito uliozidi, na kwamba anayesimamisha hakatwi chochote. Hivi karibuni mteja mmoja alikataa kuweka kipengele hicho, akasema upepo si kosa lake. Nikamwambia sio kosa la opereta pia. Tulifanya kazi bila kipengele, mchana upepo ukapanda juu ya kikomo, nikasimamisha, kreni ikarudi kwao bila kunyanyua kipande kimoja, na ankara ikazungushwa kati ya ofisi tatu kwa wiki nyingi. Mteja yule hajanipigia simu tena. Aliyefuata nilimpelekea kipengele kile kabla ya bei, na alichotaka kubadilisha ni mahali kipima upepo kitakapofungwa, ili naye aweze kukisoma kutoka ofisini kwake.